Maji yanatuama mbugani huku chini kukavu, lakini korongo la mchanga lina maji mwezi wa kumi: tujadili ukubwa wa chembe za udongo

#1 Mpimamaji (Dodoma)

Wakuu, habari za humu.

Kuna nyuzi nyingi za watu wanaouliza shamba lipi lina maji, kiwanja kipi kitawasumbua kwa unyevu, kisima wachimbe wapi. Majibu mengi yanakimbilia rangi: mwekundu safi, mweusi una rutuba, mchanga hauna kitu. Kazi yangu ni maji, na naona rangi inawapoteza watu. Kitu cha kwanza kuangalia ni ukubwa wa chembe, kwa sababu chembe ndizo zinazopanga upana wa vitundu vilivyo katikati yake. Kitundu kipana hupitisha maji upesi na kuyashika kidogo. Kitundu chembamba huyapitisha kwa shida, na yakishaingia humo hayatoki kirahisi. Nazungumzia chembe peke yake kwanza, mpangilio wa udongo tutaufikia.

Tuwekane sawa kwenye vipimo. Mchanga ni chembe za kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.05. Chini ya hapo mpaka 0.002 ni tope laini, lile linalotimka vumbi barabarani kiangazi. Chini ya 0.002 ni mfinyanzi, na hapo jicho halina lake. Vitundu kati ya chembe huwa na upana wa kama sehemu ya tano hadi ya tatu ya chembe zenyewe.

Sasa upenyaji. Mwaka 1892 mhandisi wa Marekani, Allen Hazen, aliyekuwa akichunguza machujio ya mchanga huko Lawrence, Massachusetts, alitoa kanuni ambayo watu wa visima tunaitumia mpaka leo: kasi ya maji kupita kwenye mchanga inafuata mraba wa ukubwa wa chembe. Maana yake, chembe zikipungua nusu, kasi inapungua mara nne. Toka mchanga wa milimita 0.5 uende wa 0.05, umepoteza mara mia. Ndiyo maana mchanga uliokwisha kulowa bado unameza zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa, tifutifu 10 hadi 20, na mfinyanzi 1 hadi 5 tu.

Piga hesabu. Mvua ya milimita 40 imeshuka ndani ya saa moja, zile mvua zetu za ghafla za Januari. Shamba la mfinyanzi limepokea 5, zimebaki 35. Milimita moja ya mvua kwenye eka moja ni kama lita 4,000. Kwa hiyo lita 140,000 zimesimama juu au zimeondoka na mbolea yako kwenda kwa jirani, na ukichimba kwa jembe sentimita ishirini unakuta udongo mkavu.

Upande wa pili ni kapilari. Maji yanapenda kung'ang'ania kuta za chembe, na uso wa maji wenyewe una mvutano. Vikiungana, maji yanapanda ndani ya kitundu bila pampu. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka: gawanya 3 kwa upana wa kitundu kwa milimita, unapata kimo kwa sentimita. Kitundu cha 0.4, yapanda sentimita 7 na nusu. Cha 0.1, sentimita 30. Cha 0.01, mita 3.

Asiyeamini afanye hivi. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, kata vitako, funga midomo kwa kitambaa. Moja jaza mchanga mkubwa wa korongo uliooshwa na kukaushwa. Nyingine jaza udongo wa mbuga, yaani mfinyanzi mweusi wa bondeni, uliotwangwa na kuchekechwa kwa chekeche la unga. Zisimamishe midomo ikiwa chini kwenye beseni lenye maji kidogo. Mchanga utaona mstari wa unyevu unapanda mbele ya macho yako, kisha unagoma kabla ya nusu ya chupa. Ule wa mbuga utadhani haunywi kabisa. Uache. Keshokutwa mstari wa mchanga upo palepale, wa mbuga umeshaupita na bado unapanda.

Mwenye swali la shamba, nyumba au kisima alete hapa.

#2 Bi Mkulima (Kibaigwa)

Asante mwanangu kwa somo. Mimi nina swali la miaka mingi. Nina vishamba viwili, kimoja cha kichanga na kimoja udongo mweusi. Wataalamu wote wanasema mweusi unashika maji, na kweli ukiushika una unyevu. Lakini mvua zikianza kwa kusuasua, zile za rasharasha, uwele wangu wa kwenye kichanga unasimama na mahindi ya kwenye mweusi yanajikunja majani. Inakuwaje aliyeshika maji ndiye anayekufa kiu?

#3 Mpimamaji

Shikamoo mama. Umeuliza jambo ambalo watu wa mazingira makavu wamelichunguza kwa muda mrefu, na ulichokiona shambani ni kweli.

Chukua mvua ya milimita 10. Mfinyanzi mkavu, ili ulowe vizuri, unataka maji kama sehemu 20 kwa mia ya ujazo wake. Milimita 10 zinalowesha sentimita 5 za juu tu, na hapo jua la mchana linazifikia. Kichanga kinaridhika na sehemu 8 kwa mia, kwa hiyo mvua ileile inafika sentimita 12 na zaidi. Huko jua haliyafikii kirahisi, kwa sababu vitundu vyake vipana haviwezi kuyapandisha tena juu.

La pili ni nguvu ya kushika. Unyevu unaousikia mkononi kwenye udongo mweusi, sehemu kubwa umebanwa kwenye vitundu vyembamba kiasi kwamba mzizi hauwezi kuuvuta. Mazao mengi yanashindwa mvutano ukifika kilopaskali (kipimo cha nguvu ya kuvuta) 1,500 hivi. Mfinyanzi uliofika hapo bado una maji mengi ndani, lakini kwa mmea hayapo. Mchanga ukifika hapo hauna karibu kitu, maana karibu yote ulishayatoa.

Ila mama, mvua zikikolea mambo yanageuka. Mfinyanzi uliojaa vizuri unaweza kumpa mmea milimita 175 hadi 250 za maji kwa kila mita ya kina. Mchanga ni 25 hadi 100. Mvua ikikatika mwezi mzima katikati ya msimu, hapo mweusi ndio utakaokuvusha. Kwa hiyo uwele kwenye kichanga na mtama kwenye udongo mzito, kama wazee walivyokuwa wakigawa, ni mpango wenye akili sana, na mimi nisingeubadilisha.

#4 Fundi Jamvi (Tabata)

Mkuu umenigusa. Huku Dar nyumba nyingi rangi inabanduka chini, usawa wa goti, unaona unga mweupe wa chumvi ukutani. Wateja wanalaumu rangi, wanarudia kupaka kila mwaka. Mimi nikijenga naweka mawe makubwa ya kushindilia chini ya jamvi. Mteja akitaka kubana bajeti anasema jaza kifusi chekundu tu kisha mwaga zege. Nimwelezeje?

#5 Mpimamaji

Fundi, mwelezee kwamba kifusi chekundu laini kina vitundu vya kupandisha maji mita moja au zaidi, na mawe yana nafasi za sentimita nzima ambazo kapilari haina nguvu ndani yake. Tabaka la mawe au kokoto safi ndilo linalokata njia. Lazima liwe safi lakini. Ukimwaga vumbi la kokoto au mchanga laini juu yake likajaza nafasi, umeshaunganisha njia upya. Juu ya mawe weka blaindingi nyembamba (tabaka la kusawazisha) na nailoni nzito, halafu DPC (tabaka la kuzuia unyevu) kwenye msingi kabla ya kupandisha tofali, kwa sababu tofali la saruji lenyewe lina vitundu na linanyonya.

Ule unga mweupe ni chumvi iliyoyeyushwa ardhini. Maji yanapanda nayo, yanafika usoni mwa ukuta, yanakauka, chumvi inabaki na kukua kwa kusukuma plasta. Hakuna rangi itakayoizuia maji yakiendelea kupanda.

#6 Dada wa Ndoo (Mbezi)

Hapo kwenye mawe kukata njia ndipo nilipochanganyikiwa. Nalima mchicha na nyanya kwenye ndoo, na kila mtu anasema weka kokoto chini ili maji yatoke vizuri. Mbona mizizi inaoza?

#7 Mpimamaji

Dada, toa hizo kokoto leo.

Maji yaliyo kwenye udongo laini yamevutwa na kapilari. Yakifika mpakani na kokoto hayadondoki, kwa sababu udongo wa juu unayavuta kwa nguvu kuliko nafasi pana za chini. Yanasimama hapo mpaka udongo ujae karibu kabisa, ndipo uzito uyashinde. Kila chombo kina tabaka la chini linalobaki limejaa maji hata baada ya kuchuruzika, na kimo chake kinategemea aina ya udongo. Ukiweka kokoto, umelinyanyua tabaka hilo na kulisogeza karibu na mizizi. Ndoo imekuwa fupi. Toboa matundu ya kutosha kitakoni, jaza udongo uleule kutoka chini mpaka juu, changanya na mchanga mkubwa na samadi iliyooza.

Jambo hilohilo linaumiza watu mashambani. Mtu ana tabaka la changarawe chini ya udongo wake laini, anaamini ana mfereji wa asili. Kumbe tabaka hilo linazuia maji yasishuke mpaka shamba lilowe kupita kiasi. Wengine hulitumia makusudi: kuna majalala ya taka yanayofunikwa kwa udongo laini juu ya changarawe ili mvua isipenye chini, mimea iyanyonye na kuyarudisha hewani. Njia hiyo inafaa nchi kavu zaidi, maana panaponyesha sana udongo wa juu unajaa na kizuizi kinavunjika.

#8 Njombe Moja

Naomba nipinge kidogo. Udongo wetu huku ukiupima maabara wanakuambia mfinyanzi zaidi ya nusu. Lakini mvua inanyesha tangu asubuhi, jioni unatembea shambani, maji yamezama. Hayo ya milimita 1 hadi 5 kwa saa hayapo kwetu.

#9 Mpimamaji

Uko sahihi mkuu, na hapa ndipo mpangilio unapoingia. Udongo mwekundu wa nyanda za juu una oksidi za chuma zinazogundisha chembe za mfinyanzi kuwa vibonge vidogo vigumu. Maji yanapita kati ya vibonge kana kwamba ni mchanga, na ndani ya kila kibonge kuna vitundu vyembamba vinavyotunza unyevu. Ndiyo maana chai inastawi huko. Maabara wanavunja vibonge hivyo kwa dawa kabla ya kupima, kwa hiyo karatasi inasema mfinyanzi na shamba linatenda kama kichanga.

Mfinyanzi wa mbuga ni wa aina nyingine. Unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mvua ya kwanza inaingia kwenye nyufa kwa kishindo, unaweza kuona maji yakipotea mguuni pako, kisha udongo unavimba, nyufa zinafunga, na kuanzia hapo ni zile milimita chache kwa saa.

Na kuna kinyume chake ambacho huku Dodoma kinatuumiza zaidi. Kichanga chenye tope laini ndani yake, kikikaa wazi, matone ya mvua yanakipiga, chembe laini zinatawanyika na kuziba vitundu vya juu. Linatokea gamba la milimita chache, gumu. Chini mchanga uko tayari kumeza, juu mlango umefungwa. Watu wanasema mvua imepungua, kumbe sehemu ya mvua inakimbia. Matandazo, matuta yaliyofungwa na mashimo ya Chololo (vishimo vya kupandia vinavyokusanya maji) yanasaidia kwa sababu yanavunja gamba hilo au yanayapa maji muda wa kukaa mpaka yapenye. Hili naliona ni muhimu kuliko mbegu mpya zote tunazotangaziwa.

#10 Nyanda (Kwimba)

Kwetu Usukumani mlima wenye mawe uko juu, chini yake kichanga tunakiita luseni, ukishuka unapata itogolo, pana tabaka gumu chini, halafu mwisho kabisa mbuga nyeusi. Mpunga tunaulima kwenye majaluba pale kwenye itogolo, viazi vitamu na karanga juu kwenye luseni. Hii nayo ni habari ya chembe?

#11 Mpimamaji

Ndiyo, na mpangilio wenu una historia. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliona kwamba Tanganyika udongo unajirudia kwa mfululizo uleule kutoka kilimani hadi bondeni. Akauita katena. Jina hilo sasa linafundishwa dunia nzima.

Jiwe la granaiti linapomeguka na kuchakaa kileleni, chembe kubwa za kwazi (madini magumu ya mchanga) zinabaki karibu, na laini zinabebwa na maji kwenda chini. Mlimani unapata upenyaji, bondeni unapata kushika. Maji yaliyozama kwenye luseni yanatembea chini kwa chini mpaka yanapokutana na tabaka gumu la itogolo, yanasukumwa juu, na jaluba linanufaika kwa mvua yake na ya jirani wa juu. Mpunga unataka maji yatuame, tabaka gumu linafanya kazi hiyo bila gharama.

#12 Mwaka wa Pili

Samahani kaka, darasani tunaambiwa shinikizo la kapilari ni hasi. Shinikizo hasi la maji linawezekanaje?

#13 Mpimamaji

Hasi ukilinganisha na hewa ya nje. Kwenye kitundu, uso wa maji umepinda kwa ndani, na mvutano wake unayavuta maji ya chini yake. Kila sentimita 10 za kimo ni kama kilopaskali 1. Kwa hiyo kitundu cha milimita 0.1 kinashika kwa kilopaskali 3, na cha 0.01 kwa 30. Ukitaka kuyatoa maji lazima uvute zaidi ya hapo. Kuna kifaa kinaitwa tensiomita: bomba lenye maji na ncha ya kauri yenye vitundu. Ukikizika, udongo unayavuta maji kupitia kauri na geji inasoma mvutano. Kinafika kilopaskali 80 hivi kisha hewa inaingia. Kwa mboga za umwagiliaji kinatosha kabisa.

Udongo mkavu unanyonya pande zote, hata pembeni na juu, ndiyo maana dakika za mwanzo za mvua maji yanapenya kwa kasi kubwa kisha kasi inashuka. Mwanzoni kapilari na uzito vinavuta pamoja. Baadaye kapilari inashiba, unabaki uzito peke yake.

#14 Mutua (Makueni)

Hamjambo ndugu zangu wa Tanzania. Huku Makueni na Kitui tunajenga mabwawa ya mchanga: ukuta wa zege unakata mto wa msimu, mafuriko yanajaza mchanga nyuma yake, maji yanakaa ndani ya mchanga. Kijijini kwetu tunataka kujenga. Jamaa mmoja anasema tuupandishe ukuta wote mara moja tumalize. Wazee wanasema pole pole. Tumfuate nani?

#15 Mpimamaji

Fuateni wazee, kaka.

Mafuriko yanabeba vyote, mchanga mkubwa chini na tope laini juu. Ukuta ukiwa mrefu tangu mwanzo, maji yanatulia nyuma yake na tope lote linazama. Mmejaza bwawa la matope. Ukuta ukipandishwa kwa hatua, kila msimu kipande, maji yanaendelea kukimbia juu yake, tope linapita, mchanga mkubwa unabaki.

Tofauti yake ni kubwa mno. Tope laini na mchanga mkubwa vinabeba maji yasiyopishana sana kwa ujazo, 38 na 45 kwa mia. Lakini ukichota, mchanga mkubwa unakupa 35 kwa mia, mchanga wa kati 25, mchanga laini 19, tope 5 tu. Kapilari imeyakamata mengine.

Na mchanga huohuo mkubwa unayalinda na jua. Maji yakishuka nusu mita chini ya uso wa mchanga, kapilari haiwezi kuyafikisha juu, uvukizi unapungua sana. Lambo la wazi la kina kilekile huwa limeshakauka, na akina mama bado wanafukua mchanga na kuchota.

#16 Bi Mkulima (Kibaigwa)

Kumbe. Na hizi mbuga zetu zinazojaa maji kila masika, ndizo zinazojaza visima vya Makutupora vinavyolisha Dodoma mjini?

#17 Mpimamaji

Swali zuri mama. Makutupora kuna kumbukumbu za kimo cha maji chini ya ardhi za zaidi ya miaka 50, na zinaonyesha visima havijazwi kila mwaka. Vinajazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Na watafiti walipofuatilia maji yanaingilia wapi, walikuta makorongo ya msimu yenye sakafu ya mchanga, kama Kinyasungwe Ndogo, yanafanya kazi kubwa. Mto ukishuka, mchanga unameza. Maji yaliyotuama mbugani mengi yanarudi hewani.

Kwa hiyo lori linalochota mchanga korongoni mpaka udongo mgumu uonekane linaondoa mlango wa kisima. Watu wa Dodoma tuliangalie hili kwa uchungu.

#18 Mutua (Makueni)

Nimekuelewa vizuri. Swali la mwisho: nitajuaje mchanga wa mto wetu ni wa kutosha kabla hatujachanga pesa ya saruji?

#19 Mpimamaji

Chimba shimo katikati ya mto, chukua mchanga wa kina cha goti, si wa juu uliopepetwa na upepo. Ukaushe kabisa. Jaza ndoo ya lita 20 yenye kitobo chini kilichozibwa kwa kijiti na kitambaa, mpaka ukingoni. Mimina maji kwa jagi lenye alama, taratibu, mpaka yaonekane juu. Andika lita zilizoingia. Subiri nusu saa, chomoa kijiti, kinga yanayotoka mpaka yaache kudondoka.

Yakitoka lita 6 au 7, huo ni mchanga mkubwa, jengeni. Lita 4, bado inafaa, ila andaeni ukuta mrefu zaidi. Ikitoka lita moja na maji yana rangi ya chai, pandeni juu ya mto mtafute sehemu yenye mawe ya granaiti au nais (jiwe gumu lenye mistari) kwenye vilima vya jirani, mrudie kupima hapo. Na pimeni sehemu zaidi ya moja, kwa sababu mto huohuo unabadilika kwenye kila kona.